Sura ya Nne: Chembe ya Moyo

Baba mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi, mkono wa kulia umeshika pale mbavu zinapokutana. Ulikuwa mwezi wa saba, na Songea mwezi wa saba ina baridi inayoingia mpaka kwenye kucha. Lakini yeye jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Gari la kubeba mahindi lilikuwa limeshafika na vijana walikuwa wanapakia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia kwa shida. "Chembe ya moyo imenibana."

Tangu lini? Tangu alipoamka kwenda chooni, akasema, jogoo walikuwa hawajawika vizuri.

Waliokuwepo kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema ni vidonda vya tumbo, apewe maziwa. Mwingine akasema gesi, achemshiwe tangawizi. Shangazi alikumbuka kwamba usiku alikula maharage mengi, basi hicho ni kiungulia. Zahanati tuliyomfikisha kwa bajaji, kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ilimpima malaria, ikampima bakteria wa tumbo, ikampa omeprazole na dawa nyeupe ya maji ya kutuliza tumbo. Tukarudi naye nyumbani. Usiku ule hakulala. Kesho yake saa nne asubuhi, katika kituo kingine, ndipo alipobandikwa kifuani nyaya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na kuchukuliwa damu ya kupima troponini. Saa thelathini zilikuwa zimepita.

Bado yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini mtu aliyekuwa akibeba gunia la kilo mia mgongoni, leo akipanda kilima kidogo cha kwenda kwake anasimama mara tatu kupumua.

Kwa miaka mingi nilimlaumu mhudumu wa ile asubuhi ya kwanza. Nilipoanza kusoma habari za troponini nikagundua kwamba hata angekuwa na kipimo chake mkononi, na hata angeipima mara moja pale pale, yumkini ingemwambia kwamba mzee hana tatizo. Mpaka sasa jambo hilo linanitetemesha, na ndilo lililonifanya niandike sura hii.

Tuanze na jina. Kiswahili kinapaita chembe ya moyo pale panapobonyea chini ya mfupa wa kifua, na aliye na vidonda vya tumbo huumwa hapo hapo. Wazee waliotupa jina hilo hawakukosea. Sehemu ya chini ya moyo imelala juu ya kiwambo cha kupumulia, na chini ya kiwambo hicho kuna tumbo. Mishipa ya fahamu ya viungo hivi viwili inaingia kwenye uti wa mgongo katika sehemu zilizo jirani, kwa hiyo ubongo unapopokea habari ya maumivu haujui vizuri nani kati yao analia. Ndiyo maana shambulio la moyo linaweza kuja kama kiungulia, kichefuchefu, kubanwa taya au uzito wa mkono, na kifua chenyewe kisiume. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari hali hii ni ya kawaida zaidi. Kidole kikionyesha mahali panapouma, bado hakijasema ni nini kinachouma. Lazima kitu kingine kitoke ndani ya moyo wenyewe kuja kutoa ushahidi.

Kitu hicho kazi yake ya kila siku haina uhusiano wowote na maabara. Ndani ya kila seli ya msuli wa moyo kuna nyuzi za aina mbili zimelala sambamba. Nyuzi nene ni za protini iitwayo mayosini, na zimejaa vichwa vidogo vidogo vinavyochomoza pembeni. Nyuzi nyembamba ni za aktini. Vichwa vya mayosini vinaushika uzi wa aktini, vinauvuta, vinauachia, vinashika mbele kidogo, vinavuta tena. Aliyewahi kusimama ufukweni Mbamba Bay wavuvi wakivuta wavu ameshaiona kazi hii: mikono mingi kwenye kamba moja, hakuna mwenye nguvu za ajabu, lakini kwa kupokezana wavu unafika nchi kavu.

Mikono ya mayosini haina subira. Ikiachiwa, itaishika aktini wakati wote, na moyo uliojikunja bila kulegea haujai damu. Kwa hiyo uzi wa aktini umezungushiwa uzi mwingine mwembamba zaidi, tropomayosini, unaofunika sehemu za kushikia. Na juu yake, kwa kila molekuli saba za aktini, amewekwa mlinzi mmoja. Huyo ndiye troponini.

Mlinzi huyu ni protini tatu zilizoshikana, zinazoitwa T, I na C. T inazifunga zote kwenye tropomayosini. I inazuia. C inasubiri kalsiamu, madini yale yale yaliyomo kwenye mifupa na kwenye dagaa wa ziwani. Kila pigo la moyo linaanza na umeme unaopita juu ya seli. Umeme unafungua milango, kalsiamu kidogo inaingia, na hiyo kidogo inafungulia nyingi zaidi iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya seli. C ikishaipata kalsiamu inabadilika umbo, inaivuta I kutoka pale ilipokalia, tropomayosini inateleza pembeni, na mikono inashika. Moyo unajikunja, damu inatoka. Kisha pampu zinairudisha kalsiamu ghalani, I inakaa tena mahali pake, moyo unalegea na kujaa. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika unayafanya hayo mara 100,800 kwa siku, mwenyewe ukiwa shambani, sokoni au usingizini.

Kuna jambo moja hapa ambalo kila ninapolisoma nasimama. I ya moyo ina kipande cha ziada mwanzoni mwake ambacho I ya misuli ya mikono na miguu haina. Ukishtuka au ukikimbia, adrenalini inafanya kipande hicho kibandikwe fosfeti, na C inaiachia kalsiamu haraka zaidi. Moyo unaokwenda mbio unahitaji kulegea mbio pia, la sivyo pigo linalofuata litaukuta mtupu. Tofauti za namna hiyo kati ya I ya moyo na I ya misuli mingine ndizo zinazomsaidia mtu wa maabara kuitambua I iliyotoka moyoni na kuitenga na ile ya paja la mtu aliyelima kutwa nzima. T ya moyo nayo ina umbo lake. C haina: ile ya moyo ni sawa na ya baadhi ya misuli mingine, kwa hiyo haitumiki kupimia. Ukiona kwenye karatasi ya majibu imeandikwa troponini I au troponini T, sababu ndiyo hiyo.

Habari ya kalsiamu ilianzia kwenye kosa. Mwaka 1882 daktari Sydney Ringer, huko London, alikuwa anauhifadhi moyo wa chura katika maji ya chumvi ili aone unachohitaji uendelee kupiga. Ulipiga vizuri. Baadaye alipotumia maji safi yasiyo na madini yoyote moyo ukadhoofika na kusimama, na ndipo ilipojulikana kwamba msaidizi wake hapo mwanzo alikuwa amechota maji ya bomba. Maji ya bomba ya London yana kalsiamu. Ringer aliandika masahihisho yake mwaka 1883 bila kuficha kosa. Ukiingia wodini ukaona dripu iliyoandikwa Ringer's Lactate imening'inia juu ya mgonjwa aliyeishiwa maji, jina hilo ni lake, na ndani ya mfuko huo kalsiamu imo.

Zikapita miaka themanini kabla ya mtu kujua kalsiamu inapokelewa na nani. Setsuro Ebashi, Mjapani aliyefanya kazi Tokyo, alishikilia kwamba kalsiamu ndiyo inayotoa amri ya msuli kujikunja, wakati wataalamu wengi wakubwa wa siku zile waliona ni madini mepesi mno kwa kazi nzito namna hiyo. Alionyesha kwamba aktini na mayosini zikisafishwa kabisa haziisikilizi kalsiamu. Panahitajika kitu cha tatu. Mwaka 1965, pamoja na Ayako Kodama, alikitenga kitu hicho na kukipa jina la troponini. Hakuna kati yao aliyekuwa akitafuta kipimo cha hospitali.

Sasa turudi kwenye ugonjwa. Mshipa unaolisha moyo ukizibwa na bonge la damu, sehemu ya msuli iliyo mbele ya bonge inakosa oksijeni. Baada ya dakika ishirini hivi seli zinaanza kufa, na kufa huko kunaendelea kwa masaa, kutoka ndani ya ukuta wa moyo kuelekea nje. Ngozi za seli zinapasuka na vilivyomo vinavuja. Sehemu ndogo ya troponini, kama asilimia 3 mpaka 8, ilikuwa inaelea bila kufungwa popote. Hiyo inatangulia kuingia kwenye damu. Iliyobaki imefungwa kwenye nyuzi, nayo inameguka kidogo kidogo kwa siku nyingi kadiri nyuzi zinavyooza. Kwa vipimo vya kawaida troponini huanza kuonekana saa tatu mpaka nne tangu maumivu yaanze, hufika kilele kati ya saa 12 na 24, kisha hushuka taratibu. I hubaki juu kwa wiki moja au zaidi kidogo, T mpaka wiki mbili.

Kabla ya kipimo cha troponini madaktari walitumia ushahidi hafifu. Mwaka 1954 watafiti wa New York walionyesha kwamba kimeng'enya kiitwacho AST hupanda kwenye damu baada ya shambulio la moyo; leo AST tunaipima zaidi kwa ajili ya ini, maana ini nalo linayo, na misuli ya mguu inayo. Mwaka 1989 Hugo Katus na wenzake, Heidelberg, Ujerumani, wakatoa kipimo cha troponini T. Mwaka 2000 vyama vya madaktari wa moyo vya Ulaya na Marekani vikakubaliana kuiweka troponini katikati ya maana yenyewe ya shambulio la moyo.

Kipimo chenyewe wengi wenu mmeshakiona ndugu yake. Kile kikaseti cha malaria, unachodondoshewa damu na kusubiri mistari, kinatumia njia hiyo hiyo. Ndani ya karatasi kuna kingamwili zilizotengenezwa kukamata protini moja tu. Damu inapanda kwenye karatasi, kingamwili ya kwanza yenye rangi inaikamata troponini, zinasafiri pamoja, kingamwili ya pili iliyogandishwa kwenye mstari inazikamata zote mbili. Mstari unatokea baada ya dakika kama kumi na tano. Mashine kubwa zinafanya hivyo hivyo lakini zinatoa namba, na zile za usikivu wa juu zinaiona troponini mapema zaidi, hata ya mtu mzima asiyeumwa, ambayo ni ndogo sana. Kwa troponini T ya usikivu wa juu, mpaka unaotumika ni nanogramu 14 kwa lita. Angalia kipimio: maabara nyingine huandika kwa mililita, na 0.04 kwa mililita ni sawa na 40 kwa lita. Nimeshaona ndugu wa mgonjwa wakifurahia sifuri iliyo mbele ya nukta.

Mstari wa malaria na mstari wa troponini inatofautiana kwenye jambo moja kubwa. Vimelea vya malaria viko au haviko. Troponini inasomwa kwa saa. Baba mdogo tulimfikisha zahanati saa mbili na nusu tangu maumivu yaanze. Kikaseti cha troponini wakati huo kingeweza kutoa mstari mmoja tu, ule wa kuhakiki kipimo, yaani hakuna kitu, na sote tungerudi nyumbani tukiwa na amani kubwa kuliko ile tuliyopewa na dawa nyeupe. Moyo ulikuwa unakufa na damu ilikuwa bado haijapata habari. Kwa sababu hiyo troponini ya kwanza ikiwa safi, na mgonjwa amewahi kufika, hupimwa tena baada ya masaa kadhaa. Kwa kikaseti na mashine za kawaida ni kama saa tatu mpaka sita. Kinachotafutwa ni namba inayopanda au kushuka.

Na namba iliyo juu inaweza kuwa na habari nyingine. Figo zilizochoka huipandisha. Moyo uliopanuka kwa shinikizo la damu la miaka mingi huvujisha kidogo kidogo. Bonge la damu kwenye mapafu, maambukizi makali yaliyoenea mwilini, virusi vilivyoingia kwenye msuli wa moyo, vyote huipandisha. Hapa kwetu hilo lina uzito. Utafiti uliofanyika Muhimbili kwa wagonjwa 427 wenye moyo kushindwa kufanya kazi, uliochapishwa mwaka 2014, uliona kwamba shinikizo la damu lilikuwa chanzo kwa karibu nusu yao. Troponini inasema msuli umeumia. Nani ameuumiza, atasema daktari baada ya kuunganisha damu, ECG, na maelezo ya mgonjwa.

Miaka ya karibuni watafiti wa KCMC, Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, walikwenda kwenye idara ya dharura wakawapima ECG na troponini watu waliokuja na maumivu ya kifua au kupumua kwa shida. Walikuta mashambulio ya moyo mengi kuliko yaliyokuwa yakiandikwa kwenye mafaili. Wagonjwa walikuwa wanapewa majina mengine, presha ikiwa mojawapo, na wengi hawakupewa hata aspirini. Sisi wa Ruvuma hatuna sababu ya kujidhania tofauti. Tumezoea kusema kwamba shambulio la moyo ni ugonjwa wa matajiri wa mjini, nami naliita hilo uongo unaoua. Mkulima wa Mbinga mwenye presha isiyotibiwa na sigara mfukoni ana mishipa ile ile.

Umbali nao unatuhukumu. Kutoka Songea mpaka Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ambako mshipa uliozibwa huzibuliwa kwa mrija mwembamba, ni kilomita zaidi ya 900 kwa barabara kupitia Njombe na Iringa. Miongozo ya kimataifa inataka mshipa uzibuliwe kwa mrija ndani ya dakika 120 tangu ECG itambue tatizo. Isipowezekana, mgonjwa apewe dawa ya kuyeyusha bonge, ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na kila saa inayopita inapunguza faida. ECG inapoonyesha dalili zake bayana daktari hatakiwi kuisubiri troponini. Zingatia kwamba hesabu zote mbili, ya maabara na ya dawa, zinaanzia sehemu moja: saa maumivu yalipoanza.

Saa hiyo hakuna mashine inayoijua. Anaijua mgonjwa, au aliyelala naye chumba kimoja. Siku ile ya pili daktari alituuliza: yalianza saa ngapi hasa? Tukatazamana. Mmoja alisema jana asubuhi, mwingine juzi usiku. Shangazi ndiye aliyetuokoa. Alisema baba mdogo alipomwamsha kwa kulalamika, adhana ya alfajiri ilikuwa bado, na alimulika simu akaona saa kumi. Daktari akaandika 04:00. Namtaja kwa makusudi huyo daktari aliyegeuza saa kumi yetu kuwa saa nne ya karatasi bila kukosea, maana nimewahi kuona saa kumi ya alfajiri ikiandikwa saa kumi ya Kizungu, na masaa sita ya mgonjwa yakapotea kwa kalamu.

Cheti cha zahanati ya kwanza bado ninacho. Kimeandikwa maumivu ya tumbo, tarehe, na dawa mbili. Saa haipo, wala hatukuulizwa, wala sisi hatukusema.

Kwa hiyo, msomaji wangu, mtu wako akishika chembe ya moyo na jasho linamtoka kwenye baridi, au akibanwa kifua, taya au mkono kwa zaidi ya dakika chache, tazama saa uiandike hata kiganjani. Usimpitishe kwa jirani mwenye tangawizi. Mpeleke hospitali yenye ECG, na ukifika sema hivi: "Yameanza saa kumi alfajiri. Naomba apimwe ECG sasa hivi, na troponini ya kwanza ikiwa safi, naomba irudiwe."